Puto lenu wenyewe au nafasi kwenye puto kubwa? Namna ya kuchagua safari ya jaribio la wanafunzi

Swali hunijia karibu kila muhula, na huja likiwa na haraka: "Mwalimu, tuombe nafasi kwenye puto kubwa la BEXUS au tununue puto letu?" Nami huwarudishia swali: jaribio lenu linataka kukaa juu kwa muda gani? Kikundi kikikwama hapo, sioni faida ya kuanza kuzungumza bei wala fomu.

Safari tunayoizungumzia ni ya kwenda stratosfia, tabaka la pili la hewa, kwenye kimo cha kilomita 25 hadi 36 juu ya vichwa vyetu. Ukifika kilomita 30, mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 1 tu ya ule wa ufukweni, na anga ni jeusi ingawa ni saa sita mchana. Mwanafunzi ana njia tatu za kupeleka kifaa chake huko. Ya kwanza ni puto la mpira, mnalolijaza na kulirusha wenyewe. Ya pili ni kupewa nafasi kwenye puto kubwa la taasisi, na mifano miwili ninayoifahamu vizuri ni HASP ya Marekani na BEXUS ya Sweden. Ya tatu ni kuomba lifti ndogo, kijisanduku chenu kikabebwa pamoja na vya wenzenu kutoka shule nyingi.

Dakika 100, au mchana na usiku

Puto la mpira ni lile lile la wapimaji wa hali ya hewa. Huuzwa kwa uzito wake: gramu 600, 1,200, hata 3,000. La gramu 1,200 likijazwa heliamu uwanjani huwa na upana wa mita 2 hivi, laini na limelegea, na wengi hulishika kwa glavu ili mafuta ya vidole yasiudhoofishe mpira. Likiachiwa hupanda mita 5 kwa sekunde. Hewa ya nje inavyopungua, lenyewe linazidi kuvimba, hadi kufikia upana wa mita 8 na nusu. Hapo hupasuka, kwenye kilomita 30 au kupita kidogo. Gawanya mita 30,000 kwa 5, unapata sekunde 6,000, yaani dakika 100. Kisha mwavuli hulishusha boksi la vifaa kwa dakika 40 hivi. Kule juu kabisa halikai hata dakika moja.

Puto kubwa ni kitu kingine kabisa. Limetengenezwa kwa polithini nyembamba kama nailoni ya kufunikia chakula, na chini liko wazi. Likifika kimo chake, gesi iliyozidi hutoka yenyewe, kwa hiyo halipasuki, linaelea. HASP, mpango ulioanzishwa na Louisiana State University pamoja na NASA, lilipaa mara ya kwanza mwaka 2006 kutoka Fort Sumner, New Mexico. Huelea karibu kilomita 36 kwa saa 15 hadi 20, hivyo jaribio moja linaweza kuona mchana na usiku. BEXUS hurushwa kutoka kituo cha Esrange karibu na Kiruna, kaskazini mwa Sweden, na huelea kilomita 25 hadi 30 kwa saa 2 hadi 5.

Hapa ndipo wengi hukosea. Hudhani puto la mpira ni la wasio na uwezo, na puto kubwa ndilo sayansi yenyewe. Ikiwa swali lenu ni "kitu fulani kinabadilikaje kadiri tunavyopanda", basi puto la mpira ndilo linalofaa, kwa sababu hupita kila tabaka kwa mwendo ule ule kutoka ardhini hadi juu. Ozoni, unyevu, halijoto, mionzi: yote hayo ni maswali ya kupanda. Kule Dagoretti, Nairobi, wataalamu wa hali ya hewa wa Kenya kwa kushirikiana na wenzao wa Uswisi wamekuwa wakipima ozoni tangu miaka ya 1990, na kipimo chao huning'inia chini ya puto la mpira. Hakuna anayesema hiyo ni kazi ya watoto.

Bali kama swali ni la kungoja, mfano kukusanya vumbi la stratosfia, kuona paneli ya sola inavyochoka, kuelekeza kamera kwenye nyota au kukaanga bakteria kwa mionzi ya urujuanimno, dakika 100 hazitoshi. Mtajaza kadi ya kumbukumbu na mtabaki na takwimu za njiani tu. Hapo ombeni puto linaloelea.

Mlango uko wazi kwa nani

HASP limejengwa kwa ajili ya vyuo vya Marekani. Jukwaa lake la mwanzo lilikuwa na nafasi 12: 8 ndogo za kilo 3 kila moja na 4 kubwa za kilo 20. Toleo jipya, HASP 2.0, limeongeza nafasi. Utamu wa HASP ni kwamba linawapa umeme wa volti 30 na njia ya kutuma takwimu chini kifaa chenu kikiwa bado angani. Nafasi ndogo ilipewa nusu ampea tu, kwa hiyo hesabu ya umeme ndiyo huwatoa jasho wanafunzi wengi kuliko sayansi yenyewe.

BEXUS ni ushirikiano wa shirika la anga la Ujerumani, DLR, na lile la Sweden. Nusu ya nafasi ni ya wanafunzi wa vyuo vya Ujerumani. Nusu ya Sweden hugawiwa pia wanafunzi wa nchi nyingine za Ulaya kupitia Shirika la Anga la Ulaya, ESA. Kwa hiyo kama wewe ni Mtanzania, Mkenya au Mkongomani unayesoma chuo cha Ujerumani au Sweden, usijiengue kabla ya kuuliza. Kinachotazamwa kwanza ni chuo unachosoma. Nimeona wanafunzi wetu wakikaa pembeni wakidhani mambo haya ni ya wenyeji, na inaniuma kila mara.

Aliyeko Morogoro, Kisumu au Bujumbura, milango hiyo miwili kwa kawaida haimhusu. Yeye ana puto la mpira, na ana lifti ndogo. Cubes in Space ni mpango wa wanafunzi wa miaka 11 hadi 18 kutoka nchi mbalimbali: jaribio lote lazima liingie kwenye kijisanduku cha sentimita 4 kila upande. JP Aerospace, kikundi cha watu wa kujitolea cha California, nacho kimebeba maelfu ya majaribio yaliyofungwa ndani ya mpira wa pingpong. Kuna watoto waliotia pipi laini ya mashimelo ndani ya mpira wao. Hewa ikipungua pipi huvimba, na jaribio limekamilika. Kwa darasa la tano hadi kidato cha pili, hii inatosha kabisa, na sipendi mwalimu aione ndogo.

Asubuhi tuliyobadili betri

Niwasimulie kosa letu, maana ndilo lililonifundisha tofauti iliyopo kati ya njia hizi kuliko kitabu chochote.

Tulikuwa na puto la mpira, na ndani ya boksi kihesabu cha Geiger, kifaa kinachohesabu chembe za mionzi. Tulitaka kuona mionzi ya anga inavyoongezeka kwa kimo. Swali hili ni la zamani: mwaka 1912 Victor Hess alipanda kwa puto hadi zaidi ya kilomita 5 akiwa na vipimo vyake na kukuta mionzi inazidi kadiri anavyopanda, na mwaka 1936 akapewa Tuzo ya Nobel. Mahesabu huongezeka hadi kilele fulani, kati ya kilomita 15 na 20 hivi, kisha hupungua tena.

Kipokezi chetu cha GPS kilikuwa cha kampuni ya u-blox. Vipokezi hivi vikitoka dukani huwa kwenye mpangilio wa kawaida wa kubebwa mkononi, ambao hukoma kwenye mita 12,000. Lazima ukiamuru kiingie mpangilio wa angani, unaofika mita 50,000. Kijana wetu alifanya hivyo vizuri kabisa, mezani, usiku wa kuamkia safari. Asubuhi uwanjani tukabadili betri, tukaweka mpya za lithiamu zinazostahimili baridi. Umeme ulipokatika, kipokezi kikasahau yote na kurudi kwenye mpangilio wake wa dukani. Hakuna aliyejua.

Puto likapaa vizuri. Kwenye laptopu namba zikawa zinapanda: 9,000, 10,400, 11,800. Kisha kimya. Redio inasikika, sekunde zinahesabiwa, mahesabu ya Geiger yanakuja, ila kimo hakuna. Tulikodolea kioo kwa saa nzima na zaidi, hadi boksi liliposhuka chini ya kilomita 12 na namba zikafufuka ghafla. Kihisi chetu cha mgandamizo nacho hakikutuokoa, kwani kilikuwa cha aina ya BME280 ambacho kipimo chake huishia hektopaskali 300, yaani kilomita 9 hivi. Tukabaki na mionzi isiyo na kimo, sehemu ile ile tuliyoitaka.

Sasa linganisha. Kwenye HASP kosa kama hilo lisingetuumiza hivyo, maana jukwaa lenyewe huwapa wanafunzi saa na mahali lilipo. Tena kabla ya kuruka, vifaa vyote hupelekwa mji wa Palestine, Texas, huingizwa kwenye chumba cha baridi na hewa hafifu, na huwashwa na kuzimwa mbele ya wahandisi. BEXUS nayo ina mikutano ya ukaguzi mmoja baada ya mwingine, na hati ya jaribio inayonenepa kila mwezi. Mtu angetuuliza mapema: "Umeme ukikatika, kifaa chenu kinaamkaje?" Swali hilo moja lingetosha.

Ila kuna upande wa pili. Mtungi wa heliamu wa lita 50 una kama mita za ujazo 9 au 10 za gesi, na safari yetu ilikula karibu 3 na nusu. Puto la akiba tulikuwa nalo. Wiki mbili baadaye tulirudi uwanja ule ule, programu ikiwa imeandikwa upya ili amri ya angani itumwe kila kifaa kinapowaka, na kihisi kimebadilishwa kwa MS5611 kinachopima hadi chini kwenye hektopaskali 10. Kwenye puto kubwa, aliyeharibikiwa husubiri mwaka mzima, na mara nyingi ameshahitimu.

Kwa hiyo swali langu la pili, baada ya lile la muda, ni hili: mnaweza kuvumilia nafasi moja tu? Kikundi ambacho hakijawahi kurusha chochote hakiwezi, hata kiwe na akili kiasi gani.

Baridi ya ikweta na joto la juu

Ukisoma ushauri wa Wazungu kuhusu baridi, kumbuka wanaandika wakiwa kwao. Mpaka wa tabaka la chini la hewa, pale halijoto inapoacha kushuka, uko kilomita 10 hivi juu ya Kiruna. Kwetu karibu na ikweta uko kilomita 16 au 17, na baridi yake hufika nyuzi 80 chini ya sifuri, kali kuliko ya kwao kwenye mpaka huo. Watu hushangaa nikiwaambia, ila ndivyo ilivyo: hewa yetu hupanda juu zaidi, na kwa hiyo hupoa zaidi. Puto la mpira likipita hapo kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde, boksi lenu linakaa kwenye baridi kali kwa muda mrefu. Betri za kawaida za alkali huzimika. Povu jeupe linalokuja na televisheni mpya, lenye unene wa sentimita 3, hufanya kazi nzuri.

Kwenye puto linaloelea tatizo hugeuka. Kilomita 36 juu, hewa ni hafifu mno kuweza kuondoa joto, na jua linapiga moja kwa moja. Kompyuta ndogo iliyofungwa vizuri kwa povu hujipika yenyewe. Wanafunzi wa HASP hupaka visanduku rangi nyeupe na kupitishia joto kwenye chuma, na hawategemei feni, maana hakuna hewa ya kupuliza. Boksi lililofaulu kwenye puto la mpira usilihamishe hivi hivi kwenye puto kubwa.

Mionzi nayo ina kwao na kwetu. Karibu na ikweta, sumaku ya dunia huzuia chembe nyingi za kutoka anga za mbali; Kiruna zinaingia kwa wingi. Anayepima mionzi atapata namba kubwa Sweden na ndogo Tanzania kwa kihesabu kile kile. Hilo si hasara. Mkiwa na rafiki anayesoma Ulaya, rusheni boksi pacha huku na kule, na hapo mna jaribio ambalo puto moja, hata liwe kubwa vipi, haliwezi kulifanya.

Upepo, vibali na shamba la mtu

Mpango mkubwa hubeba wenyewe mzigo wa vibali na kutafuta boksi. Esrange hulifuata kwa helikopta, hata likitua upande wa Finland. Kwa puto la mpira, kazi hiyo ni yenu.

Anzeni na mamlaka ya usafiri wa anga: TCAA kwa Tanzania, KCAA kwa Kenya. Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, huliita puto jepesi kama mzigo wake wote haufiki kilo 4, na huko ndiko mnapaswa kubaki. Andikeni barua mapema, mtaje siku, saa, mahali, uzito, rangi ya mwavuli na namba ya simu ya mtu atakayekuwepo uwanjani, ili marubani watangaziwe. Redio nazo zina mamlaka yake, ulizeni masafa kabla ya kununua kifaa. Haidrojeni hunyanyua zaidi ya heliamu kwa chini ya asilimia 10 tu na ni rahisi kuipata, lakini inashika moto. Kwa wanafunzi mimi sikubali.

Upepo wa chini usiwadanganye. Kusi au kaskazi inayopeperusha bendera ya shule haisemi lolote kuhusu kilomita 25. Juu ya ikweta upepo wa stratosfia hugeuka, kwa muda ukivuma kutoka mashariki, kisha kutoka magharibi, mzunguko mzima ukichukua miezi 28 hivi. Njia ya puto la mwaka jana si ya mwaka huu. Tumieni kikokotoo cha SondeHub, cha mtandaoni kinachokadiria njia ya puto, siku tatu mfululizo kabla ya safari, na mkiona alama ya kutua inaingia baharini au inavuka mpaka wa nchi, ahirisheni bila kubishana. Wa pwani sogeeni bara kwanza.

Na andikeni boksini kwa Kiswahili, herufi kubwa: KIFAA CHA WANAFUNZI. SI CHA HATARI. UKIKIOKOTA TUPIGIE. Safari ile ya kwanza boksi letu lilitua kwenye mahindi. Tulipofika, mzee mwenye shamba alikuwa ameketi uani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mnatafuta kile cha mwavuli mwekundu? Nimekiweka ndani, ng'ombe walitaka kukila. Mjukuu wangu amenisomea maneno yake."

Alitaka kujua kilipima nini. Tulikaa naye nusu saa, kijana wa GPS akimchorea mlima wa mionzi chini kwa kijiti, na mzee akauliza swali ambalo sisi hatukuwa tumejiuliza: usiku ni hivyo hivyo?

Ningechagua hivi

Shule ya msingi au kidato cha kwanza: mpira wa pingpong au kijisanduku cha sentimita 4. Gharama yake kubwa ni ya kukituma na kungoja.

Sekondari za juu na chuo cha mwaka wa kwanza, hapa Afrika Mashariki: puto la mpira la gramu 600 au 1,200, mzigo wa kilo 1, swali moja tu la kupanda. Nunueni maputo mawili tangu mwanzo. Kama fedha inatosha puto moja pekee, subirini muhula mwingine. Rusheni Juni hadi Septemba, masika ikiwa imeisha na barabara za vijijini zinapitika.

Chuo cha Marekani au Ulaya, na jaribio linalohitaji saa nyingi: HASP au BEXUS, bila kusita, ila kifaa chenu kiwe kimeshapanda angalau mara moja chini ya puto la mpira kabla ya kukaguliwa. Tengeni mwaka mmoja na nusu, na mtu mmoja ambaye kazi yake ni hati tu.

Lile swali la mzee bado liko ubaoni kwetu. Kulijibu kwa puto la mpira kunataka safari mbili, moja saa nne asubuhi na nyingine saa nne usiku, kwa mtungi mmoja wa gesi. Barua ya kibali cha safari ya usiku, pamoja na taa ya kumulika chini ya puto, ndiyo tunayoiandika wiki hii.